Bwaki na Mizani: Habari za Kipimo cha Chakula katika Milima ya Bukavu

Kwa Mashi, lugha ya watu wa Bushi wanaouzunguka mji wa Bukavu, maradhi ya mtoto aliyekosa chakula cha kujenga mwili huitwa bwaki, na neno hilo limezoeleka mjini hata Warega, Wabembe na Wafuliiru waliohamia katika vilima vya Kadutu, ambao mama zao hawakunena Mashi, hulitumia pasipo haja ya kulifasiri. Mtoto wa bwaki haonekani kama watu wanavyomdhania mwenye njaa: mashavu yake yamejaa, miguu imevimba, tumbo limetokeza, nywele zimegeuka rangi ya majani makavu, na mpita njia asiyejua, akimtazama kwa mbali, hudhani kwamba ameshiba. Na huenda ameshiba kweli, kwani tumbo lake limejazwa bugali wa muhogo asubuhi na jioni, hali mwili wake wateketea kwa kukosa kile ambacho bugali hauna. Naanza na neno hili, ijapokuwa nimekusudia kueleza habari ya watu wazima wanaotaka kupunguza unene bila kujidhuru, kwa sababu mji huu na vijiji vyake vilitoa thamani kubwa mno, nayo ni roho za watoto, ili kupata elimu ya kutenganisha kushiba na kutosheka. Na elimu hiyo ndiyo anayoihitaji leo yule asimamaye juu ya mizani akaitazama namba kwa huzuni.

Cimpunda ni mtaa mmojawapo wa komini ya Kadutu, uliojengwa juu ya mteremko mkali hata mlango wa mtu huwa sawa na paa la jirani yake wa chini, na kila mvua kubwa ya masika huwakesha watu wakisikiliza kama udongo utashika au utaporomoka. Maji hupandishwa kwa mgongo, katika bido la lita 20, nalo bido lililojaa lina uzito wa kilo 20 na ushei; unga hupandishwa kwa mgongo, makaa kadhalika, na mtoto mchanga naye huwa yuko kifuani. Asiyepata kuikwea njia ile hawezi kufahamu vema habari ya chakula cha mtaa ule, kwa maana mahali pa namna hiyo kutembea peke yake ni kazi, na kazi hula.

Zamani, kabla ya mji, nchi hii ilikuwa malisho. Yasemekana kwamba jina lenyewe la Bukavu latokana na maneno ya Mashi yenye maana ya mahali pa ng'ombe, na wazee wa Bushi, wakitaja chakula cha enzi zao, hutaja maziwa, ulezi, mtama, maharagwe na ndizi, na pombe ya ndizi, kasiksi, iliyonywewa katika kila jambo la heri na la msiba. Walakini nisiwapambe wa kale kupita kiasi. Maziwa hayakuwa ya kila mtu. Ng'ombe walikuwa wa Mwami, yaani mfalme, na wakubwa wake, nao waliwagawia watu kwa mapatano ya bugabire, kama vile ardhi ilivyogawiwa kwa mapatano ya kalinzi, hata mtu asiye na bwana alikuwa mtu asiye na ng'ombe wala shamba. Kwa hiyo tangu hapo kadiri ya kinachomtosha mtu ilikuwa mikononi mwa mwingine. Lakini maharagwe yalikuwa ya wote. Mwanamke wa Bushi alivuna maharagwe mara mbili kwa mwaka, na sufuria yake, hata alipokuwa maskini, haikukosa kitu cha kujenga mwili wa mwanawe.

Kisha mizani ikaanguka upande mmoja. Katika miaka ya 1890 sotoka, tauni ya ng'ombe, ilizipitia nchi za Afrika Mashariki na za Maziwa Makuu ikafyeka mazizi. Baada yake wakaja Wabelgiji, wakajenga mji wao kwenye rasi za ziwa, wakauita Costermansville tangu 1927. Na mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyokabidhiwa ardhi nyingi ili iwagawie walowezi. Vilima vilivyokuwa malisho na mashamba ya maharagwe vikawa mashamba ya kahawa, ya chai, na ya mkwinini, mti ambao gamba lake hutolewa dawa ya malaria. Wenyeji walisukumwa katika vipande vyembamba vya udongo uliochoka, na juu ya udongo uliochoka ni muhogo unaokubali kuota. Serikali ya kikoloni nayo iliwalazimisha watu kuulima muhogo kuwa kinga ya njaa, na kwa hesabu ya njaa tu serikali ilikuwa na haki: shamba la muhogo hujaza matumbo mengi kuliko shamba la maharagwe la ukubwa uo huo, na mizizi yake hukaa ardhini ikingoja siku ya dhiki. Tatizo ni kwamba gramu 100 za unga wa muhogo zina nguvu ya kalori kama 350, karibu sawa na maharagwe makavu, lakini protini yake haifiki gramu 2, hali maharagwe yana gramu 20 na zaidi. Aliyebadili kimoja kwa kingine hakuona tofauti tumboni. Aliiona baadaye, usoni mwa mtoto.

Wanaume walioshuka kwenda kazini, mashambani na mjini, walipewa posho, maana sheria ya mikataba ya kazi ya 1922 ilimtaka mwajiri amlishe mfanyakazi wake. Neno hilo la posho lilisafiri Kongo nzima likawa poso, na kwa kuwa posho iligawiwa kila baada ya siku saba, yasadikiwa kwamba ndiyo sababu wasemao Kilingala wakaliita juma lenyewe poso. Nalitafakari sana neno hilo. Watu waliokuwa wakihesabu majira kwa mwezi, kwa mavuno na kwa soko, walianza kuhesabu siku zao kwa kipimo cha unga alichopimiwa mtu na bwana wake! Na kipimo chenyewe kilikadiriwa kwa mwili wa mwanamume anayefanya kazi. Mke aliyebaki mlimani na mtoto aliyeachishwa ziwa hawakuwamo katika hesabu ile.

Mwaka 1933 tabibu mwanamke wa Kiingereza, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo Ghana siku hizi, aliandika habari za maradhi ambayo wenyeji wa huko, kwa lugha ya Ga, waliyaita kwashiorkor, yaani maradhi ya mtoto wa kwanza anapozaliwa wa pili. Jina hilo ndilo lililoenea duniani, ingawa lau Williams angalikuwa Kivu pengine ulimwengu wa tiba ungekuwa ukisema bwaki. Kwani huku nako maradhi yalikuwa tele, na ilipoasisiwa taasisi ya utafiti ya IRSAC mwaka 1947, na makao yake yakajengwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu, katikati ya nchi ya Bushi, wataalamu wake hawakuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta wagonjwa. Waliletwa migongoni mwa mama zao.

Kazi iliyofanywa Lwiro yastahili kusimuliwa polepole. Mtoto alilazwa, akapewa chakula kilichopimwa hata chembe ya mwisho, na kila kilichotoka mwilini mwake, choo na mkojo, kilikusanywa kikapimwa, ili ijulikane ni kiasi gani cha naitrojini, ambayo ni alama ya protini, kimebaki ndani kujenga nyama, ngozi na damu. Mwaka 1958 DeMaeyer na Vanderborght walichapisha matokeo ya vipimo vya namna hiyo, wakilinganisha protini za asili mbalimbali katika watoto wa Kiafrika. Na hapo ikadhihirika kwa hesabu jambo ambalo mama mzuri wa jikoni alilihisi kwa uzoefu, kwamba protini hazilingani, kwamba mwili huweza kupokea kiasi kimoja cha vyakula viwili, kimoja ukakihifadhi na kingine ukakitupa. Baada ya Uhuru madaktari wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels waliendelea na kazi hiyo, hospitali ya watoto ya Lwiro ikaendelea kuwapokea wagonjwa, na mjini Bukavu, katika miaka ya 1960, raia wenyewe wakaunda Kamati ya Kupinga Bwaki, iliyochukua jina lake katika neno la vijijini. Nalistahi sana jina lile. Halikuazimwa Ulaya.

Kulikuwa na bahati moja, nayo ilikuja kwa maji. Ziwa Kivu lina samaki wa aina chache mno, tofauti na Tanganyika iliyo jirani yake, na mwaka 1959 walitiwa humo samaki wadogo kutoka Tanganyika ambao Bukavu huwaita sambaza. Walizaa wakajaza ziwa. Usiku usio na mwezi taa za mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu huonekana majini kama mji wa pili, na alfajiri sambaza hufikishwa sokoni, wabichi kwa wenye nafasi na wakavu kwa wenye haraka. Samaki huyo akikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Hukaangwa na kuliwa mzima, kichwa na miba, na miba yake ni chokaa ya mifupa. Mafungu yake hupangwa juu ya meza ya mbao katika soko la Kadutu, na fungu dogo kabisa ni bei anayoweza kuimudu hata mbeba mizigo.

Vita vilivunja mengi katika haya. Tangu 1996 barabara za kuletea chakula zimefungwa na kufunguliwa mara nyingi kupita mtu kuhesabu, wakulima wa milimani wamekimbilia mjini, Cimpunda imejaa hata pasipofaa kujengwa, na Februari 2025 mji wote ukaingia mikononi mwa waasi wa M23. Huko Burhinyi, katika teritware ya Mwenga, mwanzoni mwa karne hii walionekana watu waliopooza miguu ghafula kwa maradhi ya konzo, ambayo huwapata wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha na wasio na protini ya kuusaidia mwili kuizima sumu yake.

Katika mji wenye kumbukumbu za namna hii mtu mnene alikuwa nini? Alikuwa mtu aliyeokoka. Mwanamke aliyenenepa baada ya kuolewa alikuwa sifa kwa mume wake. Mtu aliyekonda miaka ya 1990 alinong'onewa na majirani kwamba ana sida, yaani ukimwi, hata kama amekonda kwa deni la karo za watoto. Kwa hiyo lilipokuja neno jipya, daktari akamwambia mama wa makamo kwamba damu yake yapanda, au sukari yake imezidi, na kwamba yampasa kupunguza kilo kadhaa, mama huyo alikuwa hana mfano wa kuufuata katika ukoo wake. Hapajawa na bibi aliyemfunza namna ya kupungua. Alilolijua juu ya kupungua ni njaa, basi akaifuata njia ya njaa: akaacha kula asubuhi, akaacha kula mchana, akanywa maji ya moto yenye ndimu, na usiku, akitetemeka, akala bugali. Hilo ndilo wanaloliita kufanya rejimu, kwa neno la Kifaransa. Watu wa saumu na wa kwaresima wangaliweza kumwonya, kwani hata mfungaji ana daku yake na futari yake.

Basi tutazame kidogo habari ya kipimo chenyewe. Kalori ya chakula ilifikishwa katika hesabu ya kila siku na Mmarekani Wilbur Atwater, ambaye katika miaka ya 1890 alimfungia mtu katika chumba kilichoundwa kupima joto la mwili wake, akapata makadirio tunayoyatumia hata leo: gramu ya wanga au ya protini kalori 4, gramu ya mafuta kalori 9. Mwaka 1918 tabibu mwanamke wa California, Lulu Hunt Peters, akatoa kitabu cha kuwafundisha wanawake wa Marekani kupungua kwa kuhesabu kalori, akiwawekea 1200 kwa siku; na namba hiyo bado yazunguka duniani, ikichukuliwa na matabibu kuwa ndio mpaka wa chini ambao mwanamke asiushuke pasipo daktari kumwangalia, na kwa mwanamume 1500. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba Peters aliwaandikia wanawake wa mijini wenye maji ya bomba jikoni.

Ushahidi wa kuogofya zaidi ulipatikana Minnesota. Kuanzia Novemba 1944 vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri walijitolea wafanyiwe jaribio na Ancel Keys, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wa Ulaya vita vitakapokwisha. Kwa majuma 24 walipewa wastani wa kalori karibu 1600 kwa siku, nusu ya waliyoizoea, huku wakitembea kilomita 35 kila juma. Walipoteza robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua, baridi iliwaingia hata wakati wa joto, wakawa hawazungumzi ila chakula, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi, na huzuni ikawashika. Hao walikuwa watu wazima wenye afya, waliojua siku ya mwisho wa njaa yao. Mwili haukujali kwamba walichagua wenyewe. Na mwaka 1977 na 1978, Marekani hiyohiyo, karibu watu 60 waliripotiwa kufa baada ya kujaribu kupungua kwa kunywa maji ya protini tu, kalori chache sana kwa siku, mioyo yao ikivurugika mapigo; na protini ile ilikuwa hafifu, imetolewa katika ngozi na mabaki ya wanyama. Kwamba jina la kitu si sifa yake, na protini si protini hata ijulikane ya wapi, lilikuwa limekwisha kupimwa Lwiro miaka 20 kabla, katika vitanda vya watoto wa Bushi.

Sasa natwaa mfano wa sufuria ya Cimpunda, nikihesabu kwa makadirio ya kawaida ya vyakula. Mama wa makamo anayekaa kitako akiuza vitenge hula kwa siku, tuseme, bugali wa gramu 400 za unga wa muhogo, ambao ni kalori 1400. Maharagwe makavu gramu 150, kalori 500. Sambaza wakavu gramu 50, kalori 170. Na vijiko viwili vikubwa vya mawese, kalori 240. Jumla ni 2300 na ushei, mbali na sombe na mboga nyingine. Akitaka kupungua, ana njia mbili. Katika njia ya kwanza, kwa kuwa maharagwe na sambaza ndivyo vyenye bei, huviacha hivyo, akabaki na bugali wake na mawese yake: amepata kalori 1640, na protini ya gramu 6. Katika njia ya pili hupunguza unga hadi gramu 250, akatoa kijiko kimoja cha mawese, maharagwe na sambaza asiviguse: amepata kalori 1665, na protini ya gramu 67. Namba mbili hizo za kalori ni kama ndugu pacha, wala mizani ya juma la kwanza haitamwambia tofauti; lakini katika njia ya kwanza mwili hujila wenyewe, misuli hulegea, nywele hudondoka, hedhi huweza kukatika, na vidonda hukawia kupona, nayo ni njia ileile aliyopitishwa mtoto wa bwaki bila ya kuulizwa. Katika ya pili hupungua karibu nusu kilo kwa juma, mwendo ambao matabibu huusifu, na nguvu za kupanda mlima humbakia.

Nimesema anayekaa kitako. Mama mwingine wa mtaa uohuo, anayebeba gunia mgongoni toka bandarini hadi sokoni kutwa mara kadhaa, kalori 1665 hazimpunguzi, zamwangusha. Huyo, akiambiwa apungue, aambiwe kwanza ale. Vivyo mjamzito na mwenye kunyonyesha, ambao hawana ruhusa kabisa ya kujinyima. Na mwenye kumeza dawa za kisukari, ambaye akipunguza chakula pasipo daktari kupunguza dawa aweza kuzimia kwa sukari kushuka. Haya si mambo ya kuulizana saluni.

Jioni, wakati wa kufunga soko, wauzaji wa Kadutu huteremsha bei, na wale wa Cimpunda hupenda kungoja saa hiyo. Mama aliyetoka hospitali na karatasi ya daktari mkobani husimama mbele ya mwuza unga aliyemzoea, na yule, bila kuuliza, huanza kumpimia makopo kama ya siku zote. Mnunuzi humshika mkono mwuza unga na kumwambia, basi mama, leo punguza hapo. Kisha huhamia meza ya pili, huchagua fungu la sambaza, huomba nyongeza na kupata, hufunga vyote katika kitenge, na kuanza kupanda.